Simu Husema, Sikio ni la Mwalimu

Mwezi wa Julai mwaka jana mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliniita Nyeri. Yeye ni muuguzi, na kazi imemweka huko miaka mingi pamoja na watoto wake. "Mjomba," aliniambia, "njoo useme na huyu mjukuu wako. Ameshika gita hataki kulitua. Chuoni achelewa, kitabu hashiki, na mwalimu wake mwenyewe simwoni. Nikimuuliza anasema mwalimu yumo ndani ya simu." Basi nikafunga safari.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi asiyepata kufika Nyeri na ajue kwamba Julai huko ni mwezi wa ukungu na baridi. Mlima Kenya, ambao watu hutoka pande zote za dunia kuja kuutazama, waweza kujifunika siku nzima usiuone hata ncha. Lakini mtu wa pwani hapotei kule. Waswahili walifika katika miji ya bara tangu siku za mwanzo za ukoloni, wengine kwa biashara na wengine kwa utumishi, na jina la Majengo lipo mpaka leo kuwa ushahidi. Nilishukia nyumbani kwa mpwa wangu nikakuta chai ya tangawizi, jiko la makaa, na kijana mwenyewe ameketi pembeni na gita lake.

Ana miaka kumi na saba, amemaliza kidato cha nne, na alikuwa akingojea kujiunga na chuo. Simu ilikuwa imeegemezwa chupa ya chai, na ndani yake Mzungu mmoja akionyesha vidole vyake juu ya nyuzi. Kijana alitazama, akasimamisha, akajaribu, akarudi nyuma, akatazama tena. Nilikaa kimya kama saa moja. Nikaona jambo ambalo mama yake, kwa uchovu wa zamu za usiku, hakuliona. Mtoto yule hakuwa akicheza. Alikuwa akisoma. Alirudia kipande kimoja mara ishirini, kama tulivyokuwa tukirudia juzuu ya Amma mpaka koo zikakauka.

Najua wako watakaouliza mapema: je, wewe uliyesoma chuoni wasemaje juu ya gita? Wanazuoni wamehitilafiana juu ya ala za muziki kwa karne nyingi. Mimi si mufti, wala ukurasa huu si mimbari. Ninachosema ni kwamba pwani yetu imeishi na udi, gambusi na fidla tangu kabla ya babu zetu, na gita si mgeni wa mbali sana. Luti ya Wazungu ilizaliwa na udi wa Waarabu, hata jina lake limetokana na al-ud. Jambo nililoitiwa Nyeri lilikuwa jingine: kijana anaweza kufunzwa na simu? Na kama anaweza, amekosa nini?

Kwanza tuipe simu haki yake. Miaka thelathini iliyopita kijana wa Nyeri aliyetaka kujua gita alikuwa na njia mbili. Ama awe na fedha za kulipia masomo Nairobi, ama akaketi na wapigaji mahali wanapopigia. Na katika miji ya Mlima Kenya mahali hapo mara nyingi ni baa. Huko ndiko ulikostawi mugithi, muziki wa mtu mmoja na gita lake, uliopata nguvu katika miaka ya 1990. Neno lenyewe kwa Kikuyu ni gari la moshi, kwa kuwa wachezaji hushikana mabegani wakafuatana kama mabehewa. Mpigaji mugithi hukesha akipitia nyimbo za wakubwa waliomtangulia: za Joseph Kamaru wa Kangema, aliyezaliwa mwaka 1939 akafariki mwaka 2018, za Daniel Kamau wa Gatanga, na katikati huchomeka zile za Marekani za wachunga ng'ombe, ambazo watu wa huko wanazipenda mno. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Lakini ni mama gani wa Kiislamu atakayemtuma mwanawe wa miaka kumi na saba akasomee baani usiku? Na si wa Kiislamu tu. Wazazi Wakristo wa Nyeri wana wasiwasi huo huo, na kwa mtoto wa kike wasiwasi huzidi.

Simu imeutoa ufundi huu baani ikauleta jikoni, karibu na mama. Hilo si jambo dogo. Tangu ulipoanza mtandao wa YouTube mwaka 2005, walimu wa kila nchi wameweka masomo yao humo. Yule aliyekuwa ndani ya simu ya mjukuu wangu ni Justin Sandercoe, Mwaustralia aliyefanya kazi yake Uingereza, ambaye kwa miaka mingi amefundisha watu wa dunia nzima bila kudai ada. Anaanzia mwanzo kabisa: namna ya kukaa, namna ya kukaza nyuzi sita zikubaliane, kisha mikamato ya vidole ambayo wapigaji huiita kodi, nayo si ile kodi ya nyumba. Gharama ya mwanafunzi ni bando la intaneti na uvumilivu. Anayemkejeli kijana kwa kujifunza hivyo hajui thamani ya mwalimu kwa asiyekuwa naye.

Tena mtu wa pwani asijione yuko mbali na habari hii. Maneno na picha zinazofika Nyeri hazishuki kutoka mbinguni. Mwaka 2009 waya uitwao TEAMS ulipita chini ya bahari kutoka Fujairah, katika nchi za Ghuba, ukatokea Mombasa. Na mwaka huo huo ukafika mwingine, SEACOM. Rais wa wakati ule alikuwa Mwai Kibaki, mtu wa Othaya, hapo hapo Nyeri. Njia iliyoleta tende, mazulia na udi kwa majahazi ndiyo iliyoleta nyaya hizi. Somo la gita linalosikika chini ya Mlima Kenya laweza kuwa limepanda nchi kavu pwani kwetu.

Wala kujifunza kwa mashine hakukuanza na simu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Kongo, naye Mwenda akipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, kana kwamba magita yalikuwa mawili. Santuri zile zilienea Afrika Mashariki, na vijana waliokuwa hawajamwona Mwenda kwa macho waliketi mbele ya sanduku la santuri wakarudisha sindano nyuma, tena na tena, kama mjukuu wangu anavyorudisha nyuma picha yake. Hata Fundi Konde wetu wa Kilifi, aliyezaliwa mwaka 1924, mmoja wa wapigaji wa mwanzo Kenya kutumia gita la umeme, aliishi katika zama za santuri na redio, akachukua ya wageni akayatia Kiswahili. Mashine ikitumika vyema ni msaidizi. Tabu iko mahali pengine, nayo niliijua mwenyewe nikiwa mtoto.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, amu yangu alirudi safari na kanda za Sheikh Abdulbasit Abdusamad, msomaji maarufu wa Misri. Nilizipenda nikazihifadhi. Siku moja chuoni nikaitwa nisome. Nikapandisha sauti kama Abdulbasit, nikavuta kama yeye, na nilipofika mahali fulani nikakata, nikarudi nyuma maneno matatu, nikaendelea. Wenzangu walinyamaza kwa kustaajabu. Mwalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliinua mkono.

"Kwa nini umekata hapo ukarudia?"

"Ndivyo ilivyo katika kanda, maalim."

"Yeye amekata kwa sababu pumzi yake iliisha, na amerudia ili maana isivunjike. Wewe pumzi yako haijakwisha. Umehifadhi koo la mtu. Kusoma bado hujasoma."

Darasa zima lilicheka, nami nililia nikienda nyumbani. Lakini sijalisahau neno lile. Kanda ilinipa sauti nzuri kuliko ya mwalimu wangu; yeye mwenyewe alikuwa na kikohozi cha tumbaku. Lakini kanda haikunisikia. Ningeliweza kukosea mbele yake miaka kumi, isiseme neno. Ndiyo maana elimu ya kusoma Kurani, pamoja na kwamba msahafu umeandikwa na kutiwa alama zote, imepokewa kwa kinywa na sikio, mwanafunzi amesikilizwa na mwalimu, na mwalimu alisikilizwa na wake.

Basi huko Nyeri nilimwomba mjukuu anipigie wimbo anaoujua zaidi. Akapiga. Kwa sikio langu la mtu wa taarabu ulikuwa wimbo mzuri, lakini uzi mmoja ulikuwa ukilia kama umefungwa kitambaa, na baada ya dakika chache niliona anakunja uso na kukung'uta kifundo cha mkono. "Waumwa?" "Kidogo, babu. Ni kawaida." Kumbe alikuwa akiumwa kwa miezi mitatu. Aliyemfundisha asingeweza kujua, kwa kuwa hakumwona.

Mpwa wangu alikuwa amesikia habari za mpigaji mmoja wa Karatina, mtu mzima mwenzangu, aliyewahi kupiga katika mahoteli ya Nyeri na Nanyuki, na sasa anafundisha nyumbani kwake mchana. Jumamosi tukapanda matatu, tukapita katikati ya soko lile kubwa la viazi, kabeji na ndizi, tukamfikia. Hakuuliza kijana anajua nini. Alisema tu, "Piga," kisha akageuka akatazama nje ya dirisha, kama asiyemjali. Wimbo ulipokwisha alirudi, akalishusha gita kidogo mapajani pa kijana, akakisogeza kidole gumba nyuma ya shingo la gita, akasema, "Unaubana uzi kama mtu anayeogopa utakimbia. Ukamate tu usikie." Uzi uliokuwa umefungwa kitambaa ukafunguka pale pale. Kazi ya dakika mbili iliponya maradhi ya miezi mitatu.

Kisha alisema jambo la pili, ambalo kwangu mimi mshairi lilikuwa kubwa zaidi. "Vidole vyako vyajua njia," alimwambia, "lakini gita lako halisemi na mtu." Akaeleza kwamba katika nyimbo za Kikuyu za mtindo wa benga, uliotoka kwa Waluo ukasambaa nchi nzima, gita huyapokea maneno ya mwimbaji likayajibu. Kikuyu ni lugha inayopanda na kushuka, na asiyejua neno linapanda wapi hajui uzi upande wapi. Akaimba mstari mmoja wa kwake polepole, akaupiga kwa nyuzi, akaimba tena. Hata mimi nisiyejua Kikuyu nilisikia gita likitamka.

Nilikumbuka gicandi, ule ushairi wa kale wa Wakikuyu. Malenga wawili walikuwa wakishindana kwa mafumbo mbele ya watu, kila mmoja na kibuyu chake kilichochorwa alama za kumkumbusha beti, na anayeshindwa hunyang'anywa kibuyu. Sisi wa Mombasa na Lamu tuliolelewa katika majibizano ya mashairi tunaujua utamu huo. Sasa vibuyu vimo katika makumbusho na alama zake zimechapishwa vitabuni. Lakini alama zile hazikuwa maandishi ya kusomwa na kila mtu. Zilimkumbusha yule aliyekwisha kufunzwa kwa mdomo. Wafunzi walipokosa wanafunzi, kibuyu kikawa bubu.

Hapo ndipo penye hofu yangu, na ndiyo sababu ya makala haya. Jioni tulipokuwa tukirudi, nilimwomba mjukuu anitafutie mtandaoni somo la kumwonyesha anayeanza namna ya kupiga gita la mugithi, kwa Kiswahili au Kikuyu, hatua kwa hatua. Tulipata nyimbo chungu nzima, na picha za tamasha; masomo yalikuwa machache mno. Nikamwambia atafute somo la udi wa kwetu, namna alivyoupiga marehemu Zein l'Abdin wa Lamu. Tukampata Zein mwenyewe akipiga, na machozi yakanilenga. Lakini wa kutueleza kidole kinakwenda wapi na kwa nini, hatukumpata usiku ule. Masomo ya Kiingereza ya nyimbo za Marekani hayakuwa na mwisho.

Matokeo yake ni nini? Mtoto huchuma tunda la tawi lililo karibu. Kijana wa Nyeri atajua nyimbo za wachunga ng'ombe wa Tennessee, asijue ya babu yake wa Murang'a. Kijana wa Lamu naye vivyo hivyo. Nao hawana kosa. Tumewaachia meza iliyojaa chakula cha wengine, kisha tunawalaumu kwa kula.

Lakini mwalimu yule wa Karatina amenionyesha kwamba dawa ipo. Aliniambia bila kificho kwamba simu ilimnyang'anya wanafunzi. Walikuja wiki mbili, wakajua kukaza nyuzi, wakatokomea mtandaoni. Alikasirika, kisha akafikiri. Sasa ana wanafunzi Nanyuki na Embu ambao huwaona kwa macho mara moja kwa mwezi. Siku nyingine wao hujirekodi wakipiga na kumpelekea kwa simu, naye usiku huketi akasikiliza mmoja mmoja, akawajibu kwa sauti yake: hapa umekimbia, hapa umesahau kupumua, hapa vizuri. Ada huja kwa M-Pesa. Mzee huyu ameitia simu sikio. Jambo hilo hilo najua lafanywa na baadhi ya walimu wetu wa Kurani, wanaosikiliza watoto wa Kiswahili walioko Ulaya na Ghuba.

Kwa hiyo nasema na watu watatu. Wazazi, msiwanyang'anye watoto simu kwa hasira. Tazameni kwanza: je, mtoto acheza au asoma? Akiwa asoma, mtafutieni sikio la kumsikiliza, japo mara moja kwa mwezi. Nauli ya Karatina ilikuwa nafuu kuliko kumpeleka hospitali kwa mkono uliovimba.

Mafundi, mnaojua gita la bara na udi wa pwani, acheni choyo na acheni haya. Msingoje kualikwa. Ketini mbele ya simu mseme kwa lugha zenu: kidole hiki hapa, na sababu yake ni hii. Kumwekea mtu wimbo mtandaoni ni kumpa samaki. Somo ni kumwonyesha mwamba wa kuvulia.

Na nyinyi wakubwa wa kaunti, za bara na za pwani, ambao katika kila sherehe mwasema utamaduni ni hazina, toeni basi ufunguo wa hazina hiyo. Zanzibar wamekuwa na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi tangu mwaka 2002, na udi na gambusi hufundishwa humo kwa utaratibu. Nairobi, Ketebul Music, iliyoanzishwa mwaka 2007, imekusanya na kutangaza historia ya benga na ya muziki wa Wakikuyu. Hao ni watu wachache wenye moyo. Kaunti ikiwalipa wazee kumi wakafundisha mbele ya kamera, polepole, mwaka mmoja tu, hasara yake haitazidi bei ya hema na viti vya sherehe moja.

Kuhusu mpwa wangu, tuliafikiana baada ya sala ya magharibi, kijana akiwapo. Chuo kwanza, kisha kitabu, kisha gita. Na simu izimwe saa nne. Mara moja kwa mwezi atakwenda Karatina. Alikubali, ila naye akaweka sharti lake: nimfunze mizani ya mashairi, ili gita lake lipate maneno ya kusema nayo. Aliinua simu anirekodi. Nikamwambia, "Rekodi, mwanangu. Lakini kesho asubuhi utanisomea mimi kwa kinywa chako, nikusikie."

Hizi ndizo beti alizonisomea asubuhi ile, na alikosea mahali pamoja tu:

Simu nimeisifia, kwa yale inayoweza
Wa mbali kuwasikia, na nyuzi zao kukaza
Kosa likikuingia, nani atakueleza?
Mwalimu kumkimbia, ni mali kuipoteza.

Na wewe uliyeshika, nyuzi zako mkononi
Mbele ya kupumzika, na kulazwa kaburini
Fundisha wanaotaka, wa bara hata wa pwani
Ujuzi ukikauka, haurudi duniani.